Sauti ya Mwingine Kinywani mwa Mbula

Mbula alijiona akiimba kwa sauti ya mtu mwingine siku ya Jumapili, saa tano na nusu asubuhi, mbele ya kanisa zima.

Shuka jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma ya mimbari, madirisha yamezibwa kwa magunia ili giza lipatikane, na projekta ya kuazima ilikuwa ikitoa picha. Kwaya ilikuwa imerekodi albamu yake ya kwanza. Mwalimu Evanson, kiongozi wa kwaya, alitaka waumini waonje wimbo mmoja kabla ya uzinduzi wenyewe, uliokuwa umebakiza wiki tatu. Wimbo aliouchagua ulikuwa wa Mbula. Yeye ndiye aliyeutunga, yeye ndiye aliyeuongoza, na pale kwenye shuka alikuwa ni yeye, amevaa sare ya zambarau, anatembea polepole kando ya migomba, vilima vya Kilungu vikiwa nyuma yake. Kisha mdomo wake ukafunguka, ikatoka sauti nyororo, changa, isiyo na hata punje ya mchanga ndani yake.

Kwanza alidhani ni mashine. Labda ndivyo vyuma vinavyomfanya mtu asikike. Akasikiliza tena. Pale alipokuwa amelivuta neno, huyu alilikata. Pale alipokuwa amepumua, huyu hakupumua kabisa, na midomo na sauti vikapishana kidogo kama watu wawili mlangoni. Hapana, hiyo haikuwa mashine. Huyo alikuwa mtu, tena msichana, na alikuwa ameketi ndani ya kinywa cha Mbula bila kubisha hodi.

Halafu watu wakapiga makofi, na hilo ndilo lililomkata maini. Miaka yote aliyoimba kanisani hapo hawakuwahi kumpigia makofi namna hiyo. Waligeuka kwenye mabenchi kumtazama. Wengine walimwambia kumbe alikuwa ameficha kipaji. Mama mchungaji alimkumbatia akasema Bwana amemponya koo, kwamba yeye alikuwa akimwombea kwa siri tangu zamani. Na Mbula, aibu iliyoje, akajibu, "Amina."

Alitembea hadi nyumbani na hiyo amina ikimkaa kooni.

Mbula si mwimbaji wa juzi. Ana miaka arobaini na minane, na ukimuuliza mtu yeyote upande ule wa Kilungu, atakwambia ndiye mwita wa mwethya, kile kikundi cha akina mama kinachozunguka shamba kwa shamba, leo kwako, wiki ijayo kwangu, kuchimba matuta ya kuzuia udongo usiteremke bondeni. Kule hakuna shamba tambarare. Ukiangusha avokado mlangoni kwako, utaliokotea kwa jirani. Kwa hiyo kila Jumatano akina mama ishirini na wawili hujipanga mstari mmoja kukata mteremko, majembe juu, na mtu mmoja huita. Akiita, wenzake huitikia, majembe yakashuka pamoja, kisha wote wakasogea hatua moja. Kazi hiyo Mbula ameifanya miaka kumi na tisa bila kuulizwa kama ana sauti nzuri.

Kwa sababu hana. Tusidanganyane. Sauti yake ni nene, ina mikwaruzo, na ikipanda sana huvunjika, ikaporomoka, halafu ikajikusanya tena huko chini. Alijua hivyo tangu darasa la tano. Shule yao ilikuwa ikienda kwenye mashindano ya muziki, na mwalimu wao akamwambia mbele ya wenzake kwamba asimame katika mstari kwa sababu ni mrefu na anajaza nafasi, lakini afungue mdomo tu bila kutoa sauti. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Alifungua mdomo, wakashinda kikombe, na alipofika nyumbani mama yake akamuuliza waliimba wimbo gani. Hakuweza kumwimbia.

Wimbo wake wenyewe ulimjia akiwa mtu mzima, mwaka ule mvua ilipozidi na kipande cha juu cha shamba lake kikateremka chote, maharagwe na miche ya kahawa, hadi mtoni. Mwethya walikuja. Hawakungoja zamu yake ifike. Walikuja Jumatano tatu mfululizo. Jumatano ya tatu, akiwaita, maneno mapya yalimtoka kwa Kikamba, hakuyapanga: nilikuwa mteremko, ukaniwekea tuta, sasa mvua yako hainipotezi. Walichimba na wimbo huo miaka miwili kabla haujaingia kanisani. Ulipoingia, watu waliushika siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu kwaya ilipoamua kutoa albamu, hapakuwa na ubishi kuwa wimbo wa Mbula utakuwa wa kwanza.

Basi wakateremka hadi mji mmoja wa barabara ya Mombasa, kwenye studio yenye kuta zilizobandikwa trei za mayai ili zinyonye mwangwi. Kijana wa mashine aliitwa Ben, ana masikio yaliyofunikwa na uso wa mtu aliyechoka. Mbula aliimba. Ben akamwambia arudie, pale juu sauti imekatika. Akarudia. Ikakatika. Alirudia mara saba, jasho likimtoka, kila mara akifika pale juu na kuanguka palepale. Mara ya nane Ben alimtazama Evanson, Evanson akaitikia kwa kichwa, na Mbula akaambiwa iko sawa, mama, hiyo ingine tutamaliza na mashine. Siku ya kupiga picha, walimwekea ile rekodi yake mwenyewe, na mikwaruzo yake yote, ili aifuate kwa mdomo. Angejuaje? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu aliyemla alikuwa amemshonea hiyo nguo, sare ya zambarau yenye kola nyeupe.

Jumatatu alfajiri alimfuata Evanson kwake. Mwalimu huyo amestaafu, anapenda leso nyeupe mfukoni na vitu vilivyonyooka, na hakujisumbua hata kukana. Alimkaribisha chai, akamweleza kwa upole kama anayemweleza mgonjwa.

"Mama Mutanu, usichukulie vibaya," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Wimbo ni wako, sura ni yako. Ni sauti tu tumesaidia. Hii kitu itafika mpaka Nairobi, itafika mpaka kwa simu za watu huko ng'ambo. Watu wa siku hizi wanataka kitu safi."

Akamwambia na mpango wa uzinduzi. Maiki zitazimwa, wimbo utatoka kwenye mashine. Yeye asimame mbele, atabasamu, ainue mkono, afungue mdomo tu. Hata waimbaji wakubwa hufanya hivyo, wala si dhambi.

Afungue mdomo tu. Maneno yaleyale ya darasa la tano, na aliyeyasema ni mwalimu vilevile. Ungedhani Mbula angemrudishia kikombe chake cha chai usoni. Hakufanya hivyo. Mtu mzima aling'olewa sauti kinywani kama jino, tena bila kuulizwa, na akashukuru! Alishukuru kwa sababu ndani yake, tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, kulikuwa na mtu mdogo aliyekubali kwamba wenye sauti ni wengine na yeye ni wa kujaza nafasi. Watu kama Evanson huwa hawahitaji nguvu nyingi. Hukuta mlango uko wazi.

Tena akafanya jambo baya zaidi. Aliamua kuifuata ile sauti. Alitumiwa wimbo kwenye simu, akawa anausikiliza akikama, akifua, akimenya viazi. Alichemsha tangawizi na malimau, akala asali kwa kijiko, akameza mayai mabichi mpaka tumbo likamgeuka. Kila jioni kabla jua halijazama aliingia kwenye migomba, mahali ambapo hakuna wa kumsikia, akajifunza kuimba kama msichana asiyemjua. Alijifunza kutofika juu sana. Alijifunza kupunguza pumzi kabla ya pale anapovunjika, apite kwa ulaini, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki. Mumewe Kaloki, mtu wa maneno machache, alipita siku moja na ndoo ya maziwa, akasimama, akauliza ni nani amewatembelea. Mbula akajibu ni mimi. Kaloki akamtazama, akasema haya, akaendelea na ndoo yake.

Baada ya wiki moja na nusu akaiweza. Haikuwa sawasawa na ya yule msichana, lakini ilikuwa laini, haikuvunjika, na Mbula alijisikia mtu aliyepona. Akafikiri moyoni kwamba Jumatano ile atawashangaza akina mama.

Aliwashangaza kweli. Zamu ilikuwa ya Syombua, mwenyekiti wa mwethya, mwanamke mnene mwenye mdomo usiokosa neno, na shamba lake ni mteremko wa kukufanya ushike nyasi. Walijipanga. Majembe yakapanda. Mbula akaita kwa ile sauti mpya, nyororo, ikapanda taratibu na kushuka taratibu. Majembe yakashuka, lakini hayakushuka pamoja. Moja hapa, mawili kule, mengine yakabaki hewani. Wakacheka, wakadhani ni usingizi. Akaita tena. Mstari ukapinda zaidi. Mara ya tatu Kasyoka, aliyekuwa ubavuni mwa Syombua, alipiga jembe lake, akasogeza mguu mbele kama inavyotakiwa, na jembe la Syombua, lililochelewa, likamshukia kwenye kidole gumba cha mguu huo.

Damu ilitoka nyingi. Walikifunga kidole kwa leso, wakaita bodaboda, Kasyoka akapelekwa zahanati huku akisema si kitu, si kitu, na midomo imemkauka. Waliobaki wakakaa chini kwenye udongo. Mbula alisema samahani mara nyingi, bila kujua anaombea nini samahani. Syombua alikuwa amelitupa jembe lake mbali, na alipoongea hakuinua sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

"Miaka kumi na tisa nateremsha jembe pale sauti yako inavunjika," alisema. "Sijawahi kufikiria. Mkono unajua tu. Leo haikuvunjika, Mbula. Nilikaa na jembe juu nikingoja, na Kasyoka hakungoja."

Wengine wakaitikia. Kumbe ni wote. Mmoja alisema yeye hata maneno ya wimbo huwa hayasikii upepo ukivuma, husikia tu pale panapopasuka. Hakuna aliyewahi kulizungumza jambo hilo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba linahitaji kuzungumzwa, na Mbula mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kulijua. Akatazama ng'ambo ya bonde. Kila tuta lililoonekana kwenye kilima kile, mstari juu ya mstari, lilichimbwa kwa ule mkatiko ambao Ben alimrudisha mara saba kuufuta. Udongo wote ule ulikuwa umekaa mahali pake kwa ajili ya kasoro yake. Na yeye alikuwa amekunywa mayai mabichi ili kuiua, na Kasyoka akalipa kwa kidole.

Hapo ndipo hasira ilipomshika, hatimaye. Ilimpanda kuanzia miguuni. Alikasirika juu ya Evanson na leso yake, juu ya mwalimu wa darasa la tano, juu ya mama mchungaji aliyemwombea apone ugonjwa asiokuwa nao. Zaidi ya wote alijikasirikia yeye mwenyewe kwa ile amina.

Hakunawa hata miguu. Alikwenda kwa Evanson moja kwa moja, akasimama kwenye sakafu yake iliyong'aa, matope yakidondoka, akamwambia anataka sauti yake irudishwe kwenye wimbo. Evanson akamwambia haiwezekani, nakala zimeshatengenezwa, kadi zimechapishwa, askofu ameshakubali kuja. Mbula akasema basi wimbo utolewe kwenye albamu. Evanson akatabasamu. Wimbo, alisema, ulishakuwa wa kwaya.

"Hao akina mama wangu wamechimba na hiyo sauti," Mbula alimwambia.

"Kanisa si shamba, Mama Mutanu," Evanson alijibu. "Na usiniletee siasa. Kama wewe huwezi kusimama mbele, Wariara atasimama. Sauti ni yake, sura pia anayo."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Wariara. Lilimkaa kichwani njia nzima ya kurudi, kwa sababu hadi siku ile alikuwa amemchukia mtu asiye na jina, na ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ukishajua anaitwa nani. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amemwambia Evanson kwamba atasimama mbele yeye mwenyewe. Evanson alifurahi, akampa mkono, akasema alijua tu kwamba yeye ni mtu wa kuelewa.

Siku ya uzinduzi yalisimamishwa mahema mawili nje ya kanisa, viti vya plastiki vikajaa, vipaza sauti virefu kama makabati vikawekwa pande zote mbili. Harufu ya pilau ilitoka nyuma ya jengo. Askofu alikuja na magari mawili. Akina mama wa mwethya walikaa safu ya nyuma, na Kasyoka alikuwa kati yao, kidole kimefungwa bandeji, ndara mguu mmoja na kiatu mguu mwingine.

Mbula alikwenda kuvaa sare katika chumba cha wazee, akamkuta msichana wa miaka ishirini na kitu amevaa sare hiyohiyo, amekaa pembeni peke yake. Aliinuka haraka, akamwamkia kwa Kikamba kisicho na doa. Alikuwa Wariara. Wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka katika mji ule wa barabarani, akazaliwa hapo, akakua na watoto wa hapo. Evanson alikuwa amemwambia aje na sare, ikiwa itahitajika.

"Mwaitu, pole na ugonjwa," msichana alisema, akimwita mama kwa heshima ya kwao Mbula.

"Ugonjwa gani?"

"Waliniambia umelazwa. Ati koo. Ati niimbe nikusaidie, jina lako ndilo litakuwa hapo."

Waliketi. Msichana akaeleza mengine yote, haraka, akikunja pindo la sare. Jina lake halikuandikwa popote. Hakuna aliyemwambia kwamba picha itakuwa ya Mbula na sauti yake yeye. Na tena, alisema, rekodi ya kwanza aliisikia, Ben alimwekea ili aufuate wimbo. Kuna mahali pale juu ambapo Mbula alifanya kitu, na yeye Wariara alijaribu kukifanya siku nzima akashindwa, mpaka Ben akamwambia apite tu laini.

Mbula alicheka. Hakutarajia kucheka siku hiyo. Wawili hao walikuwa wamefungiwa ndani ya uwongo mmoja, mmoja kwa sura na mwingine kwa sauti, na kila mmoja alikuwa akikesha kujaribu kuwa mwenzake.

Wakaitwa. Kwaya ikapanda jukwaani, Mbula mbele, maiki iliyozimwa mkononi. Evanson alisimama pembeni na leso yake, akainua kidole kwa Ben aliyekuwa kwenye mashine. Ngoma ikaanza, kinanda kikafuata, na ile sauti nyororo ikatoka kwenye yale makabati ikajaa bonde.

Mbula hakufungua mdomo.

Alisimama wima, midomo imefungwa, anawatazama watu, na sauti "yake" ikaendelea kuimba bila yeye. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Evanson alimwashiria afungue mdomo, akaufungua wake mwenyewe kumwonyesha, mkubwa kama wa samaki. Mbula alimtazama tu. Watu walianza kugeukiana. Askofu aliinama kumuuliza mchungaji kitu, na mchungaji akatazama viatu vyake. Ubeti mzima uliimbwa na mtu asiyekuwepo, mbele ya watu mia nne, mchana kweupe, na hakuna aliyeweza tena kusema hakuona.

Ben ndiye aliyezima mashine. Hakuamriwa na mtu. Labda aliona haya, labda alichoka, lakini aliizima, na kimya kikaanguka juu ya mahema. Kisha akageuza swichi nyingine na maiki ya Mbula ikakohoa.

"Hiyo sauti si yangu," Mbula alisema. "Ni ya huyu msichana hapa nyuma, anaitwa Wariara, na anaimba vizuri. Mimi siimbi vizuri. Mimi naimba hivi."

Akaanza, na haikwenda. Mstari wa kwanza ukatoka kama mlango wenye kutu. Mtu mmoja alicheka. Mbula akaukatiza wimbo. Mbula wa zamani angeshuka jukwaani hapo. Akaanza tena, chini zaidi, pale anapowaanzia akina mama, akaiacha sauti ipande inavyojua yenyewe. Nilikuwa mteremko. Ikafika juu. Ikavunjika, na safu yote ya nyuma ikapiga mguu chini kwa pamoja, Kasyoka kwa ule mguu wake mzima. Vumbi likapanda. Hawakuwa wamepanga, ulikuwa ni mwili tu. Ubeti wa pili watu wa katikati walianza kupiga nao, na Wariara akasogea mbele akaitikia.

Hawakuimba wote. Askofu alitazama saa yake mara mbili. Wengine walikunja mikono hadi mwisho, na baada ya pale wapo waliosema kwamba mama yule ameharibu siku ya Bwana kwa ajili ya kiburi. Mama mchungaji alimpita kwenye foleni ya pilau bila kumsalimu. Mbula aliona yote hayo na yalimuuma, kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa, hana kwingine kwa kwenda. Lakini alikula pilau yake yote, na usiku ule alilala fofofo.

Barua ilikuja baada ya siku mbili. Aliitwa na wazee wa kanisa, Jumatano saa tatu asubuhi. Alikwenda na nguo zake za shamba kwa kuwa alikuwa akipitia hapo tu. Wazee watano walikaa upande mmoja wa meza, Evanson mwisho wa meza, ana karatasi mbele yake. Mzee mkubwa alisoma kosa: kuaibisha kanisa mbele ya wageni. Adhabu ilikuwa miezi sita bila kuimba na bila kushiriki meza ya Bwana. Hakuna aliyeitwa kujibu kuhusu sauti iliyobadilishwa, wala kuhusu ugonjwa wa uwongo, wala kuhusu msichana asiyeandikwa jina. Hayo hayakuwa makosa. Kosa lilikuwa kuyaonyesha.

Hata hivyo, mzee aliendelea kwa sauti laini, kulikuwa na njia. Akisimama Jumapili mbele ya waumini akaomba msamaha, mambo yataisha, na nafasi yake ya mbele atarudishiwa. Wala asihangaike na maneno, kwani Mwalimu Evanson alikuwa ameshamwandikia ili asije akababaika. Evanson akaisukuma ile karatasi juu ya meza.

Mbula akaisoma yote. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kunyooka. Mimi Mbula, nikiwa nimeshawishika na roho ya kiburi, nakiri mbele yenu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chochote ambacho Mbula angeweza kukiandika. Akaikunja mara mbili, akairudisha mezani mbele ya Evanson.

"Mmeniandikia vizuri sana, wazee wangu," alisema. "Sasa tafuteni mwenye sauti nzuri aisome. Mimi nitakuja siku hiyo nifungue mdomo tu."

Mzee mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. Mbula akawaaga kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, akatoka nje alikokuwa ameliegemeza jembe lake. Ilikuwa Jumatano, na akina mama walikuwa wakimngoja kwenye shamba la Kasyoka.